Kaka Shabani, Yowe Lilikuwa Langu

Kaka Shabani,

Salamu zikufikie huko ulikolazwa. Nakuandikia nikiwa jikoni, asubuhi ya baada ya Nisfu Shaaban, macho yamevimba hata mistari siioni vizuri, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Ulikuwa unaucheka hata nilipokuwa mzima.

Nianze na lile lililonikaba miaka miwili. Yowe lilikuwa langu. Watu wote wa karasha, pale kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, wanajua uliuawa kwa yowe la mwizi, ila hakuna anayesema nani alilianza. Unajua huku kwetu lilivyo. Mmoja akilipiga, wa pili analipokea, wa tatu analipeleka mtaa wa pili, na asiyekimbilia anahesabiwa naye ni mwizi. Wasukuma wanaliita mwano. Likishapokewa halina mwenyewe tena. Mimi nikajificha humo.

Ilikuwa saa nane mchana. Nilikuwa napika wali wa wasaga mawe, nyuma ya uzio wa karasha. Wiki ile viroba vya mawe ya dhahabu vilikuwa vimeibwa mara tatu, na mwenye karasha alishatuambia sisi mama ntilie kwamba atakayeona akanyamaza afungashe masufuria yake. Nikaona mwanamume anapenya kwenye tundu la uzio, kiroba begani, kitambaa usoni, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Ananyata. Nikapiga yowe. Nililipiga kwa nguvu zangu zote, kaka, tena kwa raha, maana nilikuwa na hasira na wezi tangu asubuhi.

Wewe ulikuwa unanyata kuja kunifumba macho.

Ulikuwa umekaa machimbo ya Geita miezi minane bila hata kupiga simu. Unarudi na mgao wako wa mawe, halali yako, na badala ya kupita getini kama watu, ukakumbuka mchezo wetu wa utotoni: unakuja kwa nyuma, unanifumba macho, unangoja nilitaje jina lako. Mjinga wewe. Nakuita mjinga na sioni aibu. Nani ananyata karibu na viroba vya watu, kitambaa usoni, mchana kweupe?

Hukukimbia. Ulicheka, ukainua mkono, ukasema, “Zai, mimi huyu.” Nikakusikia. Masanja, yule aliyekuwa akiendesha mashine, hakukusikia, maana mashine ilikuwa inanguruma mgongoni kwake. Yeye alisikia yowe tu. Akakupiga nondo ya kwanza shingoni. Wengine wakaja na sururu, na sepeto, na mawe yale yale ya kwenye kiroba chako. Nikajitupa katikati yao nikapiga kelele kwamba ni kaka yangu, wakadhani ni kelele tu za wanawake. Nikamng'ata mtu mkono, sijui nani, nikapigwa kiwiko nikaanguka. Kutoka pale chini niliona mguu wako mmoja, kandambili imechomoka, vidole vinajikunja. Baadaye havikujikunja. Wali wangu ukaungua, na mpaka leo sipiki wali.

Kitambaa kilipochomoka usoni na wakakutambua, kila mmoja alitupa alichoshika akaenda zake. Niliokota jino lako kwenye vumbi. Sikujua nimpe nani, nikalifunga kwenye pindo la kanga. Hata wakati unaoshwa sikulitoa, maana wangeniuliza nililipata wapi na nilikuwa nimesimama wapi.

Sasa habari za nyumbani. Mama amehamia kwangu Nyasubi. Watu bado wanamwita Mama Shabani, na kila akiitwa anageuka upesi, anatazama nyuma ya yule anayemwita. Mimi niliacha kupika karasha, nauza vitumbua hapa hapa mlangoni. Na kila akimaliza kusali, mama anainua viganja anaomba: “Aliyelianza yowe lile, ya Rabi, mkaushe koo.” Sala tano kwa siku, kaka. Mimi niko nyuma yake, mkeka huo huo, naitikia amina. Ningefanyaje?

Hasira yangu yote nikamtupia Masanja. Alikuwa amekimbilia Buseresere baada ya mazishi yako. Nikawa nanoa kisu cha vitunguu kila Ijumaa, nikisema siku akirudi nitamchoma nacho tumboni na kukizungusha. Nilikuwa nalala nikiwaza pa kumchoma. Nilimchukia kwa bidii, nisije nikabaki peke yangu na nafsi yangu.

Jana alasiri akaja.

Unakumbuka mama alivyokuwa akitutembeza mlango kwa mlango siku ya Nisfu Shaaban, tuombe radhi kabla ya magharibi? Mpaka kwa yule Mhindi wa duka la vitambaa uliyemvunjia kioo, ukasimama mlangoni unajikuna kisogo, ukasema nisamehe kwa sauti ya mbu. Madrasa walitufundisha kwamba usiku huo mwenye kinyongo hafunguliwi mlango wa msamaha. Masanja si Mwislamu, ila kule Buseresere amekaa nyumba moja na Waislamu, akasikia. Akapiga magoti uani, kofia mkononi.

“Shikamoo, Mama Shabani.”

Mama alikuwa kwenye kinu. Alikuwa anatwanga. Aliuinua mchi akampiga nao begani, nikasikia mfupa ukilia. Masanja hakujikinga. Akampiga tena, mgongoni, damu ikaanza kulowesha shati. Mimi nimesimama na kisu changu mkononi, na nakuapia, nilishapiga hatua mbili kumwendea.

Akasema, “Nilipokea yowe, mama. Sikutazama uso.”

Mama akampiga mara ya tatu, mchi ukamponyoka, akakaa chini kwenye pumba na kulia kilio ambacho hakukilia hata msibani. Alilia sana. Halafu, bila kumtazama, akasema, “Marahaba.”

Nilidhani nitakasirika. Niliogopa. Kwa sababu aliendelea: “Wewe nimekusamehe. Aliyelianza simsamehe, hata kwa usiku huu.” Na hapo Masanja akaniinulia macho. Kaka, anajua. Mashine yake ilikuwa hatua chache kutoka kwenye mafiga yangu, na kila mchana nilikuwa nampigia kelele aje kula. Sauti yangu anaijua hata mashine ikinguruma. Miaka miwili anajua, na hajanitaja kwa mtu. Aliinama tena, akainuka, akaondoka ameshika bega. Kisu kikanidondoka.

Baada ya magharibi tukakaa mkekani kusoma Yasini tatu, jagi la maji mbele yetu lisomewe, kama tulivyofanya tangu utoto. Ya kwanza, ya kuomba umri, nilisoma. Ya pili, ya kuondolewa balaa, niliiburuza mpaka mwisho. Kabla mama hajaanza ya tatu nikasema. Nikasema yowe lilikuwa langu. Nikamweleza tundu la uzio, kitambaa, ulivyocheka, ulivyoniita. Nikafungua pindo la kanga nikaliweka jino lako juu ya mkeka.

Alinikaba koo. Mama, kaka. Kwa mikono yote miwili, magoti yake juu ya mapaja yangu, akabana. Jagi likayumba. Sikuishika mikono yake. Nilifikiri, basi, dua imejibiwa, na nakiri sikuona ubaya wake. Macho yakaanza kuingia giza. Halafu akaachia. Akavitazama vidole vyake, akavificha chini ya kanga.

Aliposhika tena msahafu alisoma Yasini ya tatu peke yake, mpaka mwisho, mimi nakohoa pembeni. Akaomba dua. Niliingoja ile ya koo. Hakuiomba. Akamimina maji kwenye kikombe chako cha bati, kile kilichobonyea, akanisukumia.

“Kunywa,” akasema. “Nilikuwa naliombea likauke, kumbe koo lenyewe nimelizaa mimi.”

Nikanywa. Yalipita yakiuma. Akalichukua jino, akalifunga kwenye kitambaa cheupe, akaniambia usiku ule nisimwite mama. Nimwite kesho.

Kesho yenyewe ndiyo leo. Nimemwita alfajiri. Amechelewa kuitika, nimehesabu pumzi saba, lakini ameitika.

Jioni tutakuja wote wawili, tutalifukia jino lako kando yako, likae na wenzake. Kesho nitakwenda karasha, nisimame mbele ya watu wote na mashine ikiwa imezimwa, niseme nani alilianza. Na nakuahidi hili: yowe likipigwa tena mtaani, nitakimbia kuliko wote. Nitafika wa kwanza, nitasimama katikati, nitamfunua huyo mtu kitambaa nimtazame uso kabla hajainuliwa nondo. Wakinipiga mimi, wanipige.

Nisamehe, kaka. Najua huna mdomo wa kunijibu. Masanja alipata marahaba yake. Mimi yangu nitaingoja.

Siku nitakapokuja huko, usinipokee mlangoni. Pita kwa nyuma, nyata, unifumbe macho. Nitalitaja jina lako.

Mdogo wako,
Zai