Udongo Unaong'ang'ania Sumu

Njombe, Jumanne

Leo nimemfundisha mkwe wangu msomi mambo ya kompyuta. Nasema uongo. Hata karatasi ya picha zake niliishika juu chini, akanigeuzia kwa heshima.

Kazi yake iko Ulaya. Anauchora udongo wa mfinyanzi ndani ya kompyuta, kama huu aliouchimba bondeni kwangu, aone utakavyozuia taka za nyuklia zisivuje. Chembe zake ni bapa, anasema, na sumu huzing'ang'ania.

"Kama kupe na ng'ombe," nikamwambia.

"Karibu hivyo, baba."

"Na hizo taka mtazizika wapi?"

"Huko huko kwao."

"Mbona udongo umekuja kuuchimba huku?"

Akanywa chai.

Siku hizi ni soko huria, hadi huku Makambako tunavaa mitumba ya Ulaya na kushukuru. Wakishusha na taka, nawajua wenzangu, watagombania kufungua balo. Na bondeni kule ndiko tunakochota maji. Hapo sitanii, naogopa.

Kesho kabla hajapanda basi nitamwambia: mkwe, nilikuachia uchimbe bila kukudai hata soda. Nenda kalifukie lile shimo. Likibaki wazi, kuna mtu atapata wazo la kulijaza.