Swali la Mke Mwenza

Kimamba, Kilosa,
Jumapili, 14 Julai 2024.

Mpendwa Shangazi Devota,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha Bibi, mlangoni kwa jikoni, na mwenyewe Bibi anaota jua mkekani hapa karibu yangu. Ameniagiza nianze kwa kusema kwamba anakusalimu sana na kwamba leo amekula. Ni kweli amekula, Shangazi. Amekula wali na mchicha, kisha akaomba ukoko.

Habari za huko Kasulu? Je, baridi ya mwezi huu imewazidi? Kifua cha mdogo wangu Goodhope kimepona, au bado anakohoa? Maharage mmeshatoa yote shambani? Sisi hapa tu wazima. Mama ana mafua kidogo ya vumbi la pumba. Baba anaendelea vizuri, ila siku hizi haongei sana, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Najua habari za ugonjwa wa Bibi ulishazipata kwa simu. Lakini mimi na simu unatujua. Uliponitaka nikueleze nilisema "ndiyo, Shangazi" mpaka salio likaisha. Maneno yangu huja baadaye, nikishakuwa peke yangu na kalamu. Tena siku ile ulipopiga, simu ilikuwa kwenye spika na sebule imejaa watu, ukamuuliza Baba kama kweli walitaka kumpeleka mama yenu kwa mkandaji, na kama wana akili timamu. Baba alikata simu akaenda kusimama kwenye migomba. Tangu hapo hamjasemezana. Naomba nikueleze ilivyokuwa, halafu uamue mwenyewe.

Mgongo wa Bibi ni wa siku nyingi. Mwenyewe husema aliupata ujanani, kwa kuanika katani kwenye shamba la mkonge. Ulikuwa ukiuma anajikaza kanga kiunoni, anameza diklopa ya maumivu, na kesho yake yuko shambani. Wote tulishauzoea, kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Mwanzoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, tulikuwa tunavuna mpunga. Bibi aliinama kuinua kiroba, tena kidogo tu, akabaki vilevile ameinama. Hakulia. Aliniita, "Kosta, njoo unikunjue." Tukacheka wote wawili, maana tulidhani ni yale yale. Baba alimpakia kwenye baiskeli akamsukuma mpaka nyumbani.

Haikuwa yale yale. Zamani maumivu yalikuwa yakishuka mguu mmoja, safari hii yalishuka yote miwili. Alitembea anashika ukuta. Kuna wakati kandambili ilimvuka akaendelea na safari bila habari, mpaka mimi nikaiokota na kumvisha. Usiku aliuma kona ya shuka ili tusimsikie.

Ndipo Baba mkubwa Fortunatus akaja kutoka Rudewa na mpango uliokwisha kukamilika. Kule Mikumi kuna mzee anayekanda na kunyoosha migongo. Baba mkubwa alipelekwa kwake mwaka juzi amebebwa, akarudi anaendesha baiskeli, na hakuna mtu Kimamba ambaye hajasimuliwa. Alikuwa amekwisha kuongea na Kelvin, yule kijana mwenye kirikuu cha kubebea mizigo, ambaye mchana huo alikuwa anapeleka vitunguu Mikumi. Bibi angelazwa kwenye godoro nyuma ya gari. Usimhukumu, Shangazi. Alikuwa anampa mama yake kitu kilichomponya yeye mwenyewe.

Mama alitaka Bibi apelekwe hospitali, Kilosa. Baba alikuwa katikati, anamwangalia kaka yake, anamwangalia mkewe. Na Bibi, kutoka chumbani, akasema wampeleke popote wapendapo ila asikatwe. Sote tulijua anamkumbuka mumewe, Babu Cornel, aliyepasuliwa tumbo na hakurudi nyumbani akiwa hai.

Mama akampigia Nesi Happyness wa zahanati yetu, ambaye wiki ile alikuwa Kilosa kwenye mafunzo. Nesi hakuzunguka. Alisema mgongo kuuma ni jambo moja, lakini kuna mambo ambayo yakiwapo hamngoji hata kesho. Akataka Bibi aulizwe, tena kwa wazi: miguu inalegea? Mkojo unatoka? Sehemu anazokalia, akijipangusa, anajisikia au pana ganzi? Kama kuna ganzi huko au mkojo umegoma, mtu yeyote asiuguse mgongo ule, apelekwe hospitali sasa hivi.

Simu ikakatwa. Shangazi, ungekuwepo ungeingia chumbani ukauliza na kutoka, maana wewe ni binti yake. Lakini aliyekuwepo ni nani? Mama ni mkwe, hata nguo za ndani za Bibi hazigusi, huwa nafua mimi. Alifika mlangoni akarudi. Baba mkubwa akatazama kofia yake. Akabaki Baba. Aliingia, nami nilikuwa nimekaa kwenye korido na kitabu cha Biolojia, nikasikia yote.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Eti kule... yale mambo mengine yanakwenda vizuri?"

"Mambo gani?"

"Ya... ya kawaida."

"Yanakwenda, baba. Nenda kaangalie mpunga wako, kuku wanaumaliza."

Akatoka akasema Bibi hana tatizo jingine. Hakudanganya. Aliuliza kwa namna mtoto wa kiume anavyoweza kumuuliza mama yake, na Bibi akajibu kwa namna mama anavyoweza kumjibu. Baba mkubwa akampigia Kelvin aje.

Mimi nalala chumba kimoja na Bibi. Nilijua kopo lake la usiku lilikuwa kavu, na nilijua alikuwa amekataa chai na uji. Ningeweza kusema hivyo, lakini wangenijibu kopo ni kavu kwa sababu hanywi. Ilibidi aseme mwenyewe.

Unajua Bibi ananiita mke mwenza tangu nizaliwe, kwa kuwa Babu alisema mimi ndiye mke wake mdogo. Binamu zangu humjibu utani huo mpaka anashika mbavu. Mimi sijawahi kuweza. Nacheka kidogo, nainamisha uso, na jibu langu zuri hunijia nikiwa nimeshalala. Bibi huwaambia wageni kwamba kwa wake wenza wote duniani yeye amepewa bubu.

Niliingia nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilianza kama mtu anayesoma somo kanisani kwa mara ya kwanza.

"Bi mkubwa," nikasema, "wewe ni mchoyo."

Alifungua jicho moja. "Nani huyo anaongea?"

"Mke mwenzio. Kopo ni kavu tangu jana. Huo mkojo unamwekea nani? Mume wetu hayupo."

Shangazi, alicheka! Alicheka mpaka maumivu yakamkamata, akanibana mkono, bado anacheka. "Bubu kasema," akawa anasema. "Jamani, leo bubu kasema." Halafu kicheko kikageuka, nikaona machozi yanaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Akanivuta nikainama. Akaninong'oneza kwamba hautoki. Tangu jana asubuhi anasikia umejaa, anasukuma, hautoki. Na akikaa ni kama amekalia mwili wa mtu mwingine, akijipangusa anaona mkono unakwenda lakini hausikii. Alidhani ndivyo kifo kinavyoanza, kutokea chini kupanda juu, na hakutaka kutusumbua wakati wa mavuno.

"Usiwaambie wanangu," akasema.

Sijui nilipata wapi jibu. Safari hii halikungoja nilale. "Siwaambii wanao," nikamwambia. "Nawaambia wanangu. Na mimi si mama yao mdogo?"

Alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akaniachia mkono.

Nikatoka. Kirikuu kilikuwa kimesimama uani, Kelvin anasogeza viroba vya vitunguu apate nafasi ya godoro. Nikasimama mlangoni, nikasema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, "Wanangu, mama yenu mkubwa haendi Mikumi."

Baba mkubwa akageuka. "Wewe, nani kakuita kwenye mazungumzo ya wakubwa?"

"Hakojoi, Baba mkubwa. Tangu jana. Na sehemu anayokalia haisikii kabisa."

Hakuna aliyecheka. Baba mkubwa alivua kofia taratibu, kama amefika msibani. Nilidhani atanigombeza, lakini aligeuka akamwambia Kelvin, "Shusha vitunguu. Tunakwenda Kilosa." Kelvin akauliza vitunguu viwekwe wapi. "Viweke hata kichwani kwangu!" akasema. "Shusha!"

Mama alifunga kanga na chupa ya maji. Baba alikaa nyuma ya gari, kichwa cha Bibi kikiwa mapajani kwake, na kila tuta alikuwa anamwambia, "Samahani, mama," kama yeye ndiye aliyelijenga. Mimi nilishika miguu. Ilikuwa mizito na haikunijibu nilipoiminya.

Sasa sikiliza hili, Shangazi, maana kwangu ndilo kubwa. Tulipofika mapokezi daktari alikuja na maswali yale yale ya Nesi. Nilikuwa nimeanza kufungua mdomo, Baba akaniwahi. Alimjibu yote mbele ya foleni nzima: mkojo, kujipangusa, makalio, yote kwa majina yake, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Hakupunguza neno. Watu wengine waligeuza nyuso, yeye hakugeuza. Ukitaka kujua kama kaka yako alimjali mama yenu, mimi nilikuwepo.

Walimwekea mpira wa mkojo, ukatoka mwingi mno. Daktari akatueleza kwamba kipande cha katikati ya pingili za mgongo kimeteleza na kuibana mishipa ya fahamu ya huko chini, na dawa yake ni upasuaji wa haraka. Alisema tungechelewa zaidi, au mgongo ungekandwa kwa nguvu, huenda asingetembea tena. Hakusema kwa kutukaripia. Baba mkubwa alitoka nje, akakaa kwenye ngazi.

Bibi akamuuliza daktari kama atamkata tumbo. Daktari akasema, "Hapana, bibi, ni mgongo." Bibi akasema, "Basi kata. Tumbo ndilo nililokataa." Siku ile ile gari la wagonjwa likamchukua kwenda Dar es Salaam, Baba akiwa naye, na huko akafanyiwa upasuaji.

Mengine unayajua. Alirudi akiwa na fremu ya chuma ya kushikilia anapotembea. Mguu wa kushoto bado unaburuta. Ganzi inaondoka polepole, na tumeambiwa tusishangae ikibaki kidogo. Lakini kilichokuwa kinamnyima raha ni ule mpira na mfuko wake. Alikuwa akiufunika kwa kanga kila mgeni anapokuja, na alikataa kwenda kanisani.

Juzi Ijumaa waliutoa, Kilosa. Wakasema anywe maji, na kama mpaka jioni mkojo hautatoka wenyewe, arudishwe wauweke tena, pengine kwa muda mrefu. Tukarudi nyumbani. Mchana ule nyumba nzima ilingoja, na hakuna aliyetaja tunachokingoja. Mama alipepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Baba alifungua gurudumu la baiskeli ambayo haikuwa na pancha. Baba mkubwa alipiga simu kutoka Rudewa kuuliza kama kwetu imenyesha mvua. Mwezi wa saba, Shangazi!

Bibi alikwenda chooni mara mbili akarudi kimya. Nilimsindikiza mara ya tatu, akanifukuza mlangoni, akasema hawezi kufanya kazi akisimamiwa. Nikarudi jikoni, jua limeshaanza kuinama. Ndipo nikasikia, na nadhani hata stesheni walisikia:

"Mke mwenzaaa! Njoo usikie!"

Nilikimbia. Nilisimama nje ya mlango wa choo, nikasikia. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile, na naona aibu kuandika hivi lakini ndivyo ilivyo. Niliporudi uani nilimkuta Baba ameinamia gurudumu, mabega yanatikisika. Hakuinua uso. Alisema tu, "Mwandikie shangazi yako."

Kwa hiyo nimekuandikia. Nakuomba umpigie simu. Hataanza vizuri, ataanza na bei ya mpunga na habari za kuku. Mwache azunguke tu, mwishowe atafika. Na kama likizo ya Desemba itakuruhusu, njoo. Bibi anasema binti yake wa kumzaa hajamwona akitembea na fremu, na anatembea kwa maringo.

Sasa hivi ameniuliza ninaandika nini kirefu hivi. Nimemwambia namsengenya. Amesema ni sawa, ndiyo kazi ya mke mwenza.

Baba, Mama, Baba mkubwa Fortunatus na Nesi Happyness wanakusalimu. Nisalimie wote hapo nyumbani, na Goodhope umwambie nimemwekea kitabu cha hadithi. Mungu awatunze mlalapo na muamkapo, aupe nguvu mgongo wako, na akulete kwetu salama.

Mimi mwanao nikupendaye, niliyekuwa bubu,
Costancia Bonifas (Kosta)