Kisanduku cha Nakala

Mdogo wangu mpenzi Ragna,

Huku hatujambo. Theluji inayeyuka, na mikate yangu ya mdalasini bado haina mpinzani hapa mtaani.

Unamkumbuka Solveig, mama mkwe wa Eirik wangu? Ndiye Eirik aliyemwekea kisanduku cha kompyuta cha kutunzia picha zote za familia, eti intaneti yake ina kasi. Mimi nikapewa cha nakala, nyumba moja ikiungua picha zisipotee. Nakala! Mimi niliyemzaa Eirik!

Basi kabla ya Pasaka Eirik akambadilishia Solveig diski moja iliyochoka. Mpya ikiwa bado inajazwa kutoka kwa zile nyingine, kazi isiyotakiwa kukatizwa, bibi huyo akaenda zake kwenye nyumba yao ya milimani, na kama ilivyo desturi yetu, akachomoa kila waya ukutani kwa kuogopa moto. Aliporudi, picha zote zimekwenda.

Eirik akaja kwangu mbio. “Mama, chako kinawaka?”

“Changu hakizimwi, mwanangu. Mimi si Solveig.”

“Mama, jamani, acha!”

Zilikuwepo zote! Fundi gani kama mwanangu?

Tukazifungua. Mjukuu wetu Tuva na Solveig kwenye theluji. Tuva na Solveig wakila keki. Tuva kalala kifuani kwa Solveig. Mwaka mzima namtunzia mwenzangu furaha yake, Ragna, na mimi simo hata kwenye moja.

Nikamwambia Eirik amlete mtoto Jumapili.

“Kuna sherehe gani, Mama?”

“Hakuna. Njoo na kamera.”

Dada yako akupendaye,
Torbjørg