Abacost Ilimugeuza Bleu Kuwa Assistant

Mama Kasonde, weye mwenye unajibu bantu mu gazeti,

Acha nikulombe kwanza uikale vizuri, juu mambo yangu ni marefu na miye sijui kuandika kifupi. Jina yangu ni Feruzi, fundi ya kushona manguo pa Kamalondo, bila shaka ulisha kunisikia, mukubwa mumoja wa Kilwa alianguka mu ziwa Mweru na abacost yangu, ile suti ya bakubwa yenye haivaliwi na tai, mu mwili, walipomutosha alikuwa amemeza maji kama pipa lakini mistari ya pasi ku suruali ilikuwa ingali inasimama kama wembe. Masomo nilisoma mpaka mwaka wa tano ya primaire, lakini ile ya wakati ya Babelgiji, Mama, ile inapita licence ya université ya sasa.

Shida iko Alimasi, mutoto ya dada yangu Rabia wa Pweto. Dada anauzisha samaki ya kukauka kule, na samaki njo imemusomesha huyu mutoto mpaka akapata nafasi ku université pa Kasapa, wa kwanza mu jamaa yetu yote. Akili iko nayo, lakini woga, Mama! Hata jogoo yangu inamukimbiza. Alifika kwangu na woga ule juu alisikia kama kule wale ba mwaka wa kwanza banaitwa bableu, na banafunzi ba zamani banababatiza, banabakata nywele vibaya, banabapimisha uwanja muzima na kijiti cha kiberiti, banabaimbisha kama bachura. Akanilomba: "Mujomba, twende wote siku ya kwanza, unisindikize tu." Nikamuambia: "Kukusindikiza? Uko na mujomba Feruzi na ungali unaogopa? Mu jamaa yetu hakuna bleu!" Nikamushonea abacost ya kijivu, mifuko mine, nikamupa sakoshi yangu ya ngozi, nikamufundisha kutembea: pole pole, mikono mugongoni, bila kucheka.

Mama, ilifanya kazi kupita kipimo. Alipoingia Kasapa, wale wenye mikasi balijipanga pembeni bakasema: "Bonjour, citoyen assistant!" Balifikiri ni mufundishaji, musaidizi wa profesa. Naye, kwa woga, akaitika na kichwa tu. Kuitika kule njo kulimumaliza. Tangu siku ile mu auditoire, chumba kikubwa ya masomo, anasimama nyuma karibu na mulango kama anakuja kukagua, profesa anafikiri katumwa na faculté ingine, anamusalimia. Ku restaurant ya banafunzi haendi, asionekane na sahani mu mukono, anafika kwangu jioni na njaa, bukari yote anamaliza. Ba mwaka wa tatu banamuletea kazi zao abasahihishie, anabaambia "Soma tena," banaondoka na jasho, banasema hakuna assistant mukali kama huyu. Bableu wenzake, vichwa kama mayai, bamekwisha kupata wakubwa wenye banabaeleza masomo na kubapa syllabus, karatasi za masomo ya mwaka jana. Yeye hana hata rafiki wa kumuuliza profesa amesema nini.

Na sasa examen iko juma inayokuja. Akiikala pa benchi na wengine, watauliza assistant anatafuta nini pale. Asipoikala, mwaka umekufa. Jana amefunga sanduku, anasema anarudi Pweto kuuzisha samaki. Bibi yangu Sofia anasema: "Feruzi, mwende mukaseme kweli." Miye ninaona dawa ingine: nimushonee toge nyeusi ya profesa, kitambaa kiko tayari, na hivi nani atasubutu kumuuliza kitu? Lakini Sofia ameficha mukasi. Mama, tuamue, na ufanye mbio, juu dada Rabia iko njiani na camion ya samaki, na amekwisha kutangaza Pweto nzima kama mutoto wake anafundisha. Habari ile, miye njo nilimutumia.

Feruzi, fundi, Kamalondo


Baba Feruzi,

Sofia ana haki. Mukasi usirudi.

Nimecheka, sitakuficha, ofisi nzima ilicheka. Kisha nikamufikiri Alimasi pale nyuma karibu na mulango, nikaacha. Mutoto alikulomba umusindikize, weye ukamupa mifuko mine. Mutoto yangu mwenyewe alipita Kasapa, siku ya kwanza alirudi na kichwa kama muhindi ya shamba yenye kuliwa na panya, nikalia, yeye anacheka, juu alikuwa na rafiki tayari. Ubatizo ule ni bujinga, ninakubali. Lakini bantu banajuana mule mule mu bujinga, na huyu wako hajulikani na muntu. Sasa unataka toge? Na kisha toge utamushonea nini, joho la askofu?

Sikia. Kesho asubui Alimasi avae shati na suruali, sakoshi ibaki nyumbani. Aende kwa wale ba mwaka wa tatu wenye alikuwa anaogopesha, aseme: "Bayaya, bakubwa zangu, miye ni bleu, muliniacha bila kuninyoa." Batapiga kelele mpaka mujini tusikie. Batamunyoa. Anyamaze, anyolewe. Hawatamuchukia, Baba, watagombana nani awe mukubwa wake, juu hadithi kama hii hawajapata kuwa nayo. Mu kelele ile ile alombe syllabus. Saa sita aende kula ku restaurant na wengine, hata kama maharagi ni mabaya. Kisha Alimasi amufuate profesa, amuambie jina yake na mwaka wa masomo yake, basi. Siku ya examen aikale mbele.

Na weye utaenda naye, mpaka pale penye mikasi. Muntu akikuuliza, jibu: "Mutoto yangu iko bleu." Usiongeze ziwa, usiongeze mukubwa wa Kilwa. Ninajua itakuuma.

Rabia akishuka ku camion, umuambie mbele ya majirani, na sauti ile ile yenye ulitumia kwa kujisifu, kama mutoto wake hafundishi muntu, anasoma.  Nafikiri atashukuru Mungu, juu ni kwa mutoto asome njo alikausha mugongo pale kando ya moto wa samaki, si kwa afundishe. Akianza kukutukana, usijibu. Beba mizigo yake, uingize ndani.