Kibuyu Kitandani

Jumatatu, 4 Machi 1974

Mvua tena. Dagaa wote wamelowa. Nimewaanua na kuwaanika upya peke yangu, kazi tuliyokuwa tunafanya wawili. Jirani kapita: "Pole Doto, Kulwa akirudi safari atakusaidia." Safari! Tumemzika Ijumaa na jirani huyo huyo alikuwepo makaburini. Lakini ndivyo wanavyosema. Pacha hafi, pacha amesafiri. Na anayebaki asilie, akilia anaitwa amfuate. Hata mama hajatoa chozi. Homa imemuua dada yangu, halafu niambiwe amesafiri. Kwa meli gani?

Jumanne, 5 Machi

Shangazi kaja kutoka kijijini na kibuyu. Kakifunga kanga ya Kulwa, kakilaza kitandani kwangu upande wa ukutani, pale pale alipokuwa analala.

"Huyu ndiye pacha wako. Uji unampa yeye kwanza, ndiyo unakunywa wewe."

Nina miaka kumi na tisa mimi! Kusoma nimejifundisha mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia dagaa. Nimesema silishi kibuyu. Shangazi: "Basi na wewe utasafiri."

Mama kaangalia chini. Nimemchukia mama leo. Naandika hivyo hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa mwinjilisti. Si ndiye aliyenibatiza? Nikamwambia nataka kulia tu, basi. Akasema aliyeokoka halii msiba, kulia ni kukosa imani. Aliposikia habari za kibuyu akachangamka. Jumapili nikilete, nikipasue mbele ya watu, nishuhudie nikicheka, kwaya iimbe. Na kanga? Ichomwe.

Kanga ya Kulwa!

Shangazi ananikataza kulia. Mwinjilisti ananikataza kulia. Huyu kwa mizimu, huyu kwa Yesu. Tofauti iko wapi? Nimerudi nyumbani Igogo kwa miguu, napiga mawe teke njia nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Homa. Shangazi karibu apige vigelegele: "Si nilisema?" Nikaogopa. Kweli niliogopa, sitajidanganya humu.

Asubuhi nafungua macho, namwona mama kapiga magoti kando ya kitanda. Anakilisha kibuyu uji kwa kijiko. Uji unamwagikia kanga. Anakiambia, "Mwache mwenzako, mwanangu. Nibakizie mmoja."

Hasira zikanipanda. Si kwa mama tena. Huyu mwanamke amezika mtoto na amemeza kilio chake chote kwa ajili yangu mimi.

Mchana kutwa nimesoma Injili, masikio yanalia kwa vidonge vya homa, klorokwini. Yesu alifika kaburini kwa rafiki yake. Alijua kabisa atamfufua. Na bado akalia, watu wote wanamwona! Mbona mwinjilisti hajawahi kutuhubiria hapo?

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda na homa yangu, kibuyu kifuani. Mama kanifuata, kabaki mlangoni. Yeye haingiagi kanisani.

Mwinjilisti kanipa nyundo. Nyundo kabisa! "Pasua, dada, pasua!"

Nikasema sikipasui na sikilishi. Ni kibuyu tu. Hata kukipiga ni kukiogopa. Nikasema Yesu mwenyewe alilia, wewe na shangazi yangu ni nani mnikataze? Akaniambia nikae. Sikukaa. Nikasema kwa sauti, "Kulwa amekufa."

Ndiyo nikalia. Vibaya. Kamasi, sakafuni, watoto wakakimbia. Mama akapiga kelele mlangoni, "Doto, nyamaza, utakufa!"

Sikunyamaza.

Jumapili, 17 Machi

Sijafa.

Homa imekwisha. Shangazi amerudi kwao, kasema tusimtafute. Mwinjilisti kasema nisikanyage kanisani mpaka nitubu. Nimesali mwenyewe ziwani, mikono inanuka dagaa. Sikuona kama Mungu amejali harufu.

Wiki nzima nikikohoa tu mama anageuka. Leo jioni tulikuwa tunachambua dagaa. Akasema, bila kuniangalia, "Kulwa alikuwa hali vichwa."

"Alikuwa ananitupia mimi," nikasema.

Akacheka kidogo. Halafu akalia. Nikamshika. Dagaa wakamwagika, tukawaacha.

Kanga nimeifua, nimeivaa. Kibuyu mama anawekea chumvi ya jikoni.