Sayari Isiyojua Nani Amwamkie Nani

Ndiyo, Kulwa, bado natengeneza sayari. Umeniuliza kama nimeacha huo wazimu, nami nakujibu kabla hata ya salamu: sijaacha. Sasa salamu. Hujambo pacha wangu? Goti la mama limepoa? Mimi huku Nkuhungu mzima, ila nimechoka mpaka kivuli changu kinaniomba tukae.

Mchana natembeza viatu vya mtumba. Vumbi la huku halina adabu, linaingia hadi kwenye meno. Jioni naenda kwa Mama Salome, muuza chai na chapati. Kanipa meza ya pembeni na sahani ya chakula, kwa sababu nikiwepo vijana hawaondoki, wanakunywa tu. Mchezo wenyewe si unaukumbuka: mimi nasimulia, wao wanajifanya wasafiri wa chombo cha anga, wanatua kwenye sayari, wanasema watafanya nini, dadu inaamua kama wamefaulu. Mdomo tu, hakuna kingine.

Sasa mdomo umenikauka. Juzi niliwapeleka sayari ya barafu tupu. Nikasimulia baridi mpaka Neema, yule fundi cherehani, akajifunika khanga. Nikaona mambo yamenyooka. Mara nikajisikia nasema, "Akatokea mtu na baiskeli, anauza maji ya dumu."

Chiwanga wa bodaboda akaweka kikombe chini. "Doto, hapo barafu kila mahali. Nani ananunua maji?"

"Labda ya moto," nikasema.

"Ya moto wapi! Kwenye sayari ya misitu ulituletea mbuzi wanakula mifuko ya rambo. We sayari zako zote ni Nkuhungu, unabadilisha jina tu!"

Wakacheka, na mimi nikacheka kuwazidi. Mama Salome hakucheka. Walipoondoka mapema akaniambia, "Mwanangu, Jumamosi wakisusa, hapo naweka meza ya pool. Usinichukie." Simchukii, ana watoto wa kulisha. Ila ile meza ndiyo mahali pekee mji huu wote ninapoketi watu wakanisikiliza bila kuniuliza saizi ya kiatu.

Sayari moja tu iliwahi kuwashika. Ile ambayo watu wanazaliwa vizee, wanakua kurudi utotoni. Chiwanga alishuka kwenye chombo, akamkuta bibi wa mvi, akainama kwa heshima: "Shikamoo bibi." Bibi akaangua kilio, kazaliwa jana. Pembeni mtoto mchanga kabebwa mgongoni, anamtazama kwa jicho baya: "Na mimi hunioni, kijana?"

"Sasa nani anamwamkia nani?" Neema akapiga kelele. Wakabishana mpaka chai ikapoa, hakuna aliyevuka hata geti la mji. Mama Salome mwenyewe alisahau chapati jikoni, ikaungua.

Unajua nilikoitoa, Kulwa? Kwetu sisi. Wewe unataka shikamoo kwa sababu ulitangulia kutoka, mimi nakwambia nilikutuma ukague njia. Tangu tuko wadogo.

Basi nikasema nitafute nyingine hukohuko nyumbani. Jana natembea na viatu vyangu, nikajaribu kuukumbuka ukungu wa kwetu kule milimani Kondoa. Unapanda kutoka mtoni, au unashuka kutoka juu? Kulwa, nimesahau. Nilisimama katikati ya njia, mteja ananiita, simsikii.

Nisalimie mama, shikamoo yake. Baba mdogo anayebishana na redio, mwambie redio imeshinda. Shemeji naye, mumeo mvumilivu, mpe pole yake.

Sasa tufanye biashara. Konda aliyekuletea barua hii anarudi Ijumaa. Mpe karatasi: huo ukungu unatokea wapi, unanuka nini, ng'ombe wanafanyaje ukiwafunika. Na kitu chochote cha kwetu ambacho nikimwambia Chiwanga ataniita muongo. Usipambe, kupeleka angani ni kazi yangu. Ukinitumia, Idd nakuja mwenyewe kuuona, na nitakupa shikamoo mbele ya mama na majirani wote. Mara moja tu. Ukiitikia marahaba kwa maringo, mkataba umevunjika.

Ni mimi Doto, ambaye mpaka Idd bado ni mkubwa.