Hesabu ya Sahani

Ntinda, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu mikono miwili. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Bungoma? Ule mwarobaini uliupaka, au uliuweka tu dirishani kama dawa zote? Sisi huku hatujambo, ila Baba Mdogo amebadilishiwa zamu, sasa analala mchana na sote tunatembea kwa vidole.

Barua yako niliisomea Mama Mdogo kwa sauti kama kawaida. Nilipofika pale unaposema mwaka ukiisha nirudi nifundishe chekechea ya kanisani, nikaikunja barua. Mama Mdogo alichukua sinia la maharage akaendelea kuchagua mawe. Nadhani alielewa. Umetaka nikujibu narudi au nabaki, na nitakujibu, lakini vumilia kwanza nikueleze hesabu. Ndiyo, najua, mimi na maswali yangu.

Mwalimu wetu wa takwimu, Muganda mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, alituambia kila mtu atafute wastani wa kitu anachoishi nacho. Mimi nikasema nitatafuta wastani wa watoto kwa kila nyumba hapa kambini kwa polisi. Si unajua polisi na watoto! Nikasimama bombani jioni na daftari, kila mtoto anayekuja na mtungi namuuliza, "Kwenu mko wangapi?" Wastani ukatoka karibu wanane. Nikaona nimemaliza, nikapiga mstari kwa rula.

Mwalimu akaangalia, akacheka mpaka akavua miwani. "Wewe Mkenya, umewauliza watoto. Nyumba isiyo na mtoto ingekujibu kwa mdomo wa nani?"

Mama, nilihisi masikio yamepata moto. Tena watoto watatu wa nyumba moja walikuwa wamenijibu tisa, nami nikaandika tisa mara tatu! Lakini kilichonichoma si hicho. Nyumba isiyo na mtoto ndiyo ile ninayolala. Nimekula humo mwaka mzima, na sikuiona.

Basi nikaanza upya, nyumba kwa nyumba, zile za mabati za duara zote. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mama Akello, mama wa Kiacholi anayesuka mikeka. Alinikazia macho. "Unataka kuhesabu watoto yangu ya nini? Watoto hapana hesabu! Vita ilichukua wengine, sasa wewe unataka kuitia hawa kifo?" Nikakukumbuka wewe. Nawe ukiulizwa husema tu, "Wapo wa kutosha." Nikaomba radhi, nikageuka kuondoka. Akaniita. "Watoto, hapana. Lakini sahani hata mgeni anaweza kuhesabu." Akanionyesha kichanja cha kuanikia vyombo. Nikatoa mbili, yake na ya mumewe, nikaandika zilizobaki.

Kumbe hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kila nyumba nikawa naomba kuona sahani, na wamama wanacheka, "Huyu mtoto wa sahani amekuja!" Kwa afande mmoja nilikuta kumi na mbili, nikashangaa, maana wako wawili tu na kichanga. Zilikuwa za arusi, hazijawahi kutiwa hata ugali. Nikaongeza sharti: nahesabu zilizotumika jana tu.

Siku ya tatu zikaisha nyumba zote. Nikakaa mlangoni kwetu kujumlisha. Mama Mdogo akauliza, "Na hii?"

Nikababaika. "Hii... si tunaijua, Mama Mdogo."

"Mnajua nini? Miaka tisa niko hapa. Wakija wa chanjo wanapita. Wakija wa kanisa na nguo za watoto wanapita. Hata wewe unapita! Mimi siumwi na swali, Nafula. Naumwa na kupitwa."

Akanivuta mpaka kwenye kichanja. Sahani tatu. "Toa mbili," akasema. Ikabaki ile yangu ya bluu, iliyobanduka ukingo. Nami, mjinga mimi, nikasema, "Lakini mimi ni wa Mama, wa Bungoma." Uso ukamshuka. "Haya, andika sifuri," akasema, akaingia ndani. Nikaandika. Mama, sijawahi kuandika tarakimu nzito namna ile.

Kesho yake nikamuuliza Mwalimu: mtoto mwenye nyumba mbili anahesabiwa wapi? Hakufikiri hata kidogo. "Jana alilala wapi? Basi ni wa huko. Ukimhesabu kote kuwili, umekosea."

Nilirudi mbio na sare ya shule. Nikachukua kifutio, nikafuta ile sifuri mbele ya macho ya Mama Mdogo, nikaandika moja. Aliishika karatasi muda mrefu. "Bannange," akashangaa kwa Kiganda. Halafu, "Wastani wako umepanda?"

"Kidogo sana. Hata hauonekani."

"Mimi nauona," akasema, na akalia, nami nikalia, na Baba Mdogo akaamka akauliza nani amekufa.

Basi jibu langu ndilo hilo, Mama. Naomba uniache nimalize hesabu zangu hapa, mwaka huu na ujao. Najua nakuomba upunguze sahani moja kwako ili mdogo wako aendelee kuwa na moja kwake, na najua kwako haitapungua bila kuuma. Chekechea mpe jirani yetu Nanjala, ana subira kuliko mimi.

Nisalimie Baba, umwambie redio yake asiifungue tena bila mimi. Msalimie Kaka Wafula na shemeji, na nyanya yetu Kukhu, umwambie nasali kabla ya kulala. Mama Mdogo anakusalimu. Hajui nilichoandika, ila ameniletea stempu mwenyewe.

Ni mimi mwanao, ninayelala Ntinda,

Nafula